Haki ya Asiyetuona



Jumapili moja baada ya ibada tulikaa wachache chini ya mwembe ulio mbele ya kanisa, tukinywa chai pamoja na mgeni. Mgeni mwenyewe ni mwenyeji: alibatizwa na kupata kipaimara katika parishi hii, na sasa yeye na mkewe wanaishi Marekani, katika jimbo la Wisconsin. Alikuwa amekuja kuwaona wazazi wake. Mazungumzo yalipofikia chakula cha huko, alituambia kwamba nyama wanayokula nyumbani kwake wakati wa baridi ni nyama ya ayala, ambaye humwinda mwenyewe kwa upinde, akiwa amekaa juu ya mti.

Tulicheka, maana hatukumjua kwa mambo hayo. Lakini babu mmoja hakucheka. Aliweka kikombe chake chini, akauliza, "Mjukuu wangu, huyo mnyama anakuona?"

"Hapana, babu. Akiniona, nimekwisha kumkosa."

"Basi wamwua asiyejua kwamba upo. Huo si usaliti?"

Kijana alinyamaza. Wengine wetu tulianza kumtetea, wengine wakamwunga mkono babu, na chai ikapoa. Tangu siku ile tumelitafakari swali hilo, na tumeona vema kuliandika hapa, kwa kuwa halimhusu mwindaji peke yake. Kila mmoja wetu ana mtu fulani ambaye yu mikononi mwake bila kumwona.

Dungu la huko

Wengi wetu twalijua dungu la shambani. Mpunga ukianza kuinama, au mahindi yakikaribia kukomaa, mtu hujenga jukwaa la miti, akapanda juu, akafukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Dungu la wawindaji wa Marekani ni ndugu wa dungu letu, ila kazi yake ni kinyume. La kwetu lataka mnyama aende zake; la kwao lataka aje.

Dungu hilo hufungwa kwenye shina la mti, mara nyingi meta tano au sita kutoka chini. Zamani watu walipigilia mbao kwa misumari. Siku hizi wengi hutumia jukwaa dogo la chuma au alumini, linaloshikiliwa na mikanda imara, na ngazi ya kupandia. Juu yake pana nafasi ya mtu mmoja kukaa au kusimama.

Ayala twalijua jina lake kutoka Zaburi ya 42, ingawa wengi wetu hatujapata kumwona. Huyu wa Wisconsin ana miguu myembamba na masikio yanayogeuka huku na huku. Upande wa chini wa mkia wake ni mweupe, naye akishtuka huuinua juu kama bendera huku akikimbia. Dume huota pembe zenye matawi, akaziangusha na kuota nyingine kila mwaka. Kinachomlinda zaidi ni pua yake. Harufu ya mtu ikimfikia, hangoji kuona.

Sasa, mshale hauui kama risasi. Risasi hupiga kwa kishindo. Mshale hukata, na mnyama hufa kwa kutokwa damu. Kigumba kikali kikipita katika mapafu yote mawili, ayala huanguka baada ya muda mfupi sana. Kikipita nyuma zaidi, katika matumbo, aweza kuteseka saa nyingi. Kwa hiyo mwenye upinde hana budi kuwa karibu, na wengi hawakubali kupiga kitu kilicho mbali zaidi ya meta thelathini hivi. Na ili mtu amkaribie mnyama mwenye pua na masikio ya namna hiyo, hana budi kujificha.

Je, kujificha ndilo kosa?

Babu alisema ni usaliti. Twaelewa alichokuwa nacho moyoni, maana hata Zaburi humlaumu mtu mwovu anayejificha ili amnase maskini. Lakini usaliti ni kuvunja uaminifu. Anayemkaribisha mgeni kwake kisha akamwibia ni msaliti, kwa sababu mgeni alimwamini. Ayala hakupewa ahadi yo yote na mwindaji. Kwake yeye mtu ni hatari daima, naye huishi kwa kuikimbia hatari hiyo.

Wengine chini ya mwembe walisema afadhali kumfukuza mnyama waziwazi ili naye apate nafasi ya kujiokoa. Neno hili lapendeza masikioni, lakini tukilipima twaona ni haki ya michezo. Katika mpira, pande zote mbili zimekubali kucheza. Ayala hakukubali. Akifukuzwa, akachoka, akarushiwa mishale mitatu kutoka mbali, na mmoja ukamchoma paja, amepata faida gani kwa kutuona? Mnyama aliyetulia, aliyesimama karibu, asiye na hofu hata dakika ya mwisho, ameuawa kwa huruma zaidi kuliko aliyefukuzwa maili tatu.

Basi sisi twaona kwamba kujificha si kosa. Kunamwezesha mwenye mkono mwema kuua kwa upole, na mwenye mkono mbaya kuumiza bila kuonekana. Ubaya, ukiwapo, umeingia mahali pengine.

Yaliyompata mgeni wetu

Babu alipokwisha kusema, kijana alitusimulia jambo ambalo, alivyosema, hata mkewe hakumweleza lote. Mwaka wake wa kwanza alinunua upinde mwezi wa Agosti, na msimu hufunguliwa katikati ya Septemba. Siku moja kabla ya ufunguzi alifunga dungu haraka kwenye mti wa kwanza uliofaa kupandwa. Tawi moja lilikuwa mbele yake kidogo. Akasema atalikata siku nyingine. Umbali hakuupima, akasema ataukisia.

Jioni ya tatu ayala jike alipita. Kijana alisema moyo ulimdunda hata akadhani mnyama atausikia, na mikono ikatetemeka. Alikisia umbali, akaachia. Mshale uligusa lile tawi, ukamchoma mnyama mbali nyuma ya bega. Mnyama akajikunja mgongo, akaondoka polepole. Kijana hakungoja. Alishuka papo hapo na kumfuata, na kwa kumfuata akamwinua pale alipokuwa amelala, akamfanya akimbilie kwenye kinamasi. Usiku uliingia. Alitafuta kwa taa, na kesho yake alitafuta mchana kutwa. Hakumpata.

"Babu," alisema, "nilikuwa na leseni, na mwenye shamba alinipa ruhusa. Hakuna mtu aliyenilaumu, kwa sababu hakuna mtu aliyeona."

Wasomaji wetu watazame vizuri kosa la kijana huyu lilitendeka lini. Jioni ile, wakati kidole kilipouachia ugwe, hakukuwa na mengi aliyoweza kuchagua: mwili ulikuwa umemshinda. Kosa lilitendeka siku ile alipotazama tawi akasema "siku nyingine." Wakati ule mikono yake ilikuwa imetulia na msumeno ulikuwa mfukoni. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtungi uliwekwa vibaya tangu asubuhi.

Alivyoandaa mwaka wa pili

Aliacha upinde mwaka ule. Mwaka uliofuata alianza mwezi wa Machi, majani yakiwa hayajachipua na njia za ayala zikionekana wazi katika udongo. Alitafuta mahali wanapolala na mahali wanapokula, hasa chini ya mialoni inayoangusha mbegu zake wakati wa vuli. Alichagua miti miwili badala ya mmoja, kwa sababu upepo haukai upande mmoja. Siku ambayo upepo unatoka kwake kwenda njia ya ayala, hapandi mti ule hata kama hana nafasi nyingine juma zima.

Wakati wa kiangazi alikata matawi, kwa idhini ya mwenye shamba, akifungua nafasi nyembamba za kupitisha mshale. Hakukata mengi, maana mti ukiachwa uchi mwindaji huonekana, na mti wenyewe ni wa mtu mwingine. Hakupigilia msumari hata mmoja, kwa kuwa msumari huujeruhi mti na baadaye huharibu msumeno wa atakayeupasua. Alikagua mikanda yote, kwa maana jua huidhoofisha, kindi huitafuna, na mti unaoendelea kunenepa huweza kuikaza mpaka ikakatika.

Juu ya dungu huvaa mikanda ya usalama mwilini, naye hujifunga kwenye kamba tangu mguu unapotoka ardhini mpaka unaporudi. Upinde hapandi nao mkononi. Huuvuta juu kwa kamba akiisha kukaa. Kuanguka kutoka madungu ni miongoni mwa sababu kubwa za ajali za wawindaji huko Marekani. Mkewe ndiye aliyemwambia kwamba yeye pia ni mmoja wa wale wasioonekana kutoka juu ya mti, na watoto vilevile.

Mwisho alipima meta ishirini kutoka shina, akachomeka vijiti vifupi kuuzunguka mti. Hapo aliweka nadhiri: nje ya vijiti, hapigi. Anayemtazama uso kwa uso, hapigi. Aliye chini kabisa ya mti, hapigi, kwa kuwa kutoka juu hivyo mshale huweza kupata pafu moja tu. Giza likiingia kiasi cha kutoweza kufuata damu, hapigi. Na akipiga, hukaa kimya juu ya mti kwa nusu saa au zaidi kabla ya kushuka. Alama zikionyesha tumbo, husubiri saa nyingi, ili mnyama alale na kufa pale pale badala ya kukimbizwa.

Matayarisho ya namna mbili

Hapo tulipokuwa karibu kuridhika, mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama alitupinga, na twamshukuru. Alisema, "Lakini mwizi naye hujiandaa. Hupeleleza nyumba, hupima ukuta, hujua mbwa hulala wapi. Je, maandalizi yake yamemfanya mwema?"

Ni kweli. Bidii peke yake si haki. Mtu aweza kukesha na kujinyima kwa ajili ya jambo baya, na ubora wa kazi yake ukazidisha ubaya wake. Basi hatuwezi kusema kwamba mwindaji ana haki kwa sababu tu alijiandaa vizuri.

Lakini tukiyatazama matayarisho ya kijana yule, twayaona ni ya namna mbili. Mengine yaliongeza uwezo wake: kujua njia, kuchagua mti, kupanda juu ya upeo wa macho ya ayala. Haya hata mwizi anayo. Mengine yalifunga mkono wake: vijiti vya meta ishirini, siku za upepo mbaya, saa ya giza. Haya mwizi hana. Mwizi hachomeki kijiti na kusema, "Hapa sivuki kwa ajili ya mwenye nyumba." Hivyo ndivyo twaona njia ya kupima. Katika yote tunayoyaandaa, ni lipi limeandaliwa kwa faida ya yule asiyetuona? Likiwapo, tumemhesabu. Lisipokuwapo, tumejihesabu wenyewe tu, hata kama tumefanya kazi ya miezi sita.

Na lazima liandaliwe mapema. Wengi wetu tunadhani dhamiri itazungumza saa ile ile ya jaribu. Hutokea, lakini saa ile moyo unadunda, na tamaa ina maneno mengi: "ni karibu tu", "atasogea", "nafasi hii haitarudi". Kijiti ardhini hakibishani. Kiliwekwa na mtu yule yule alipokuwa na akili tulivu, kimwambie neno atakapokuwa hana.

Wala jambo hili halikuanza kwa Wazungu. Mwaka 1911, huko Oroville katika California, alitokea mtu mmoja aliyeitwa Ishi, wa mwisho wa Wayahi, ambao walikuwa wameuawa na kufukuzwa katika nchi yao. Daktari mmoja wa San Francisco, Saxton Pope, alijifunza upinde kwake, na kitabu alichochapisha mwaka 1923 kiliwavuta Wamarekani wengi kuurudia upinde. Wisconsin ilifungua msimu wa upinde mwaka 1934. Pope ameeleza kwamba kabla ya kuwinda ayala Ishi hakula samaki wala kuvuta tumbaku, na asubuhi alioga mtoni, ili harufu isimtangulie. Na hapa Tanzania, Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi huwavizia wanyama kwa upinde kwenye maji wakati wa kiangazi, wakiwa wamejificha. Wote hao walijua kwamba uwindaji huanza kabla ya kumwona mnyama.

Je, si afadhali kuacha kabisa?

Wapo watakaosema kwamba haki iliyo kamili ni kumwacha ayala aishi. Hatuwadharau. Mtu asiyekula nyama kwa ajili ya dhamiri amechagua njia yenye heshima. Lakini tuseme na upande wa pili. Mwishoni mwa karne ya 19 ayala wa Marekani walikuwa wamekaribia kumalizika katika majimbo mengi, kwa sababu waliuawa bila mpaka ili nyama na ngozi zao ziuzwe. Sheria zilizokuja, kama ile ya mwaka 1900 iliyozuia biashara ya wanyama waliouawa kinyume cha sheria za majimbo, na ile ya mwaka 1937 iliyotenga kodi ya bunduki na risasi kwa ajili ya kuhifadhi wanyama, zilisaidia kuwarudisha. Leo wamerudi kwa mamilioni, na mahali pengi mbwa-mwitu waliowala zamani hawapo tena. Palipo na ayala wengi kupita kiasi, miti michanga huliwa isikue, na magari huwagonga barabarani. Kumwacha mnyama si lazima iwe kumwokoa.

Tena, sisi tunaonunua nyama buchani tusijione safi. Yule ng'ombe naye hatukumwona. Kisu kilinolewa au hakikunolewa, alipewa maji njiani au hakupewa, hatukuuliza. Mwindaji angalau alishuka mtini na kufuata damu kwa miguu yake mwenyewe.

Neno kwetu

Wengi wetu hatutapanda dungu la Wisconsin. Lakini mwenye duka aliyepima sukari kabla mteja hajafika, alikuwa juu ya mti. Mwalimu anayesahihisha karatasi usiku, akiwa amechoka, yu juu ya mti, na mtoto amelala kwake hajui. Mtunza hazina wa kanisa, fundi anayechanganya saruji ya nyumba ambayo wengine watailalia, dereva wa basi anayekagua breki alfajiri au asiyekagua, wote wamefichika kwa wale watakaopata faida au hasara. Hakuna atakayewalaumu, kwa sababu hakuna atakayeona. Kwa hiyo yatupasa tujiulize tukiwa tumetulia: kijiti chetu kiko wapi? Ni jambo gani tumekwisha kuamua kutolifanya, hata nafasi ikija?

Kabla hatujaagana, babu alimwuliza kijana kama mwaka uliopita alipata nyama. Alisema hapana. Siku yake ya mwisho ya kuwinda dume mmoja alisimama hatua tatu nje ya vijiti, ubavu wazi, mchana mweupe, akala mbegu za mwaloni kwa muda mrefu. Alisema alijua moyoni kwamba angeweza kumpata. Alikaa na upinde magotini mpaka mnyama alipoondoka bila haraka.

"Alikuona?" babu akauliza.

"Hapana, babu."

Babu alimtazama kitambo, akamsogezea sahani ya mihogo. "Haya, kula," akasema. "Huyo ulimtendea haki."